Bi Rudisha na Filamu ya Joka

Nimekuwa na mabosi wengi katika kazi yangu ya kukaa nyuma ya kioo kidogo na kubonyeza vitufe vya mashine ya filamu, lakini aliyenitoa jasho hakuwa hata bosi. Alikuwa mkaguzi katika Bodi ya kukagua filamu, mama mfupi mwenye miwani ya kamba shingoni, ambaye filamu ikinoga tu alinyanyua mkono gizani na kutamka neno lake moja: "Rudisha." Narudisha. "Tena." Narudisha tena, huku nimenuna, maana hakuna adhabu kama kutazama mtu yuleyule akianguka ngazi zilezile mpaka unamwonea huruma mwigizaji mwenyewe. Tukamwita Bi Rudisha. Alijua, na aliitika.

Watu wa nje wakisikia ukaguzi wa filamu hudhani ni kukaa kitako na kutafuna bisi. Waje waone chumba chetu. Kipo ghorofa ya chini, kina mapazia mazito meusi na zulia lililowahi kulowa maji ya bomba na halijasahau. Viti vya wakaguzi vimepangwa katikati. Na mbele yao, karibu kabisa na kitambaa cha filamu, kuna kiti kidogo chekundu cha plastiki, cha chekechea, ambacho hakikaliwi na mtu.

Kiti hicho alikileta yeye, akikibeba mikononi tangu kituo cha basi. Kabla ya kuja kwetu alikuwa mwalimu wa chekechea, na siku zake za mwanzo alichoshwa na wazee wanaobishana kuhusu watoto kana kwamba wanabishana kuhusu saruji. Watoto wenyewe hawaruhusiwi kuingia chumba cha ukaguzi, na ni haki, kwa sababu mengine tunayoyaona humo hata mimi mtu mzima hunikatisha hamu ya kula. "Basi angalau kiti chake kiwepo," alisema. "Asiyekuwepo na lake halipo." Ikawa desturi. Kabla mkaguzi hajatoa daraja, anakitazama kile kiti na kusema kwa sauti ni mtoto wa umri gani aliyemkalisha pale. Wageni hucheka. Wakifika mara ya pili hawacheki, na wapo walioanza kupunguza sauti wakipita karibu nacho.

Kisha mwaka mmoja binti pekee wa Bi Rudisha alifariki. Ulikuwa ugonjwa mbaya, wa kuanzia miguuni na kupanda taratibu, mpaka mwisho mgonjwa akabaki na macho na midomo tu. Aliacha mtoto mmoja wa kike, wa darasa la pili. Baba wa mtoto huyo aliondoka kabla hajamwona mwanawe, nasi hatumtaji, tusije tukampa umuhimu. Mtoto akahamia kwa bibi yake.

Tulimwita Kasuku. Zamani bibi yake alikuwa akimpitisha ofisini jioni kunisalimia, na kale kabinti kalikuwa kakisoma kila kilichoandikwa: jina la mashine, tahadhari ya umeme, karatasi ya dawa ya panya. Aliniita Mjomba Mashine na kuniuliza maswali mpaka kichwa kikaniuma. Baada ya msiba alinyamaza. Alikula, alienda shule, alijibu akiulizwa. Lakini kuuliza chochote, au kuomba chochote, hapana. Bi Rudisha aliniambia akiwa amesimama mlangoni mwa kijumba changu cha mashine, kikombe cha chai kikipoa mkononi, "Mwanangu, mtoto asiyeomba kitu anatisha kuliko mtoto anayelia."

Ndiyo maana asubuhi moja alipoingia akitabasamu niliuliza kulikoni. Jana yake walipita mbele ya jumba la sinema, Kasuku akasimama chini ya bango la filamu inayokuja, yenye joka kubwa la buluu lililobeba binti mdogo mgongoni. Akasema, "Bibi, nataka kuliona lile joka."

"Ameomba!" Bi Rudisha aliniambia, na machozi yakimlengalenga. "Ameomba mwenyewe."

"Basi atapelekwa," nikasema. "Kwani shida iko wapi?"

Shida ilikuwa kwamba filamu ile ilikuwa bado haijakaguliwa, na ilikuwa juu ya meza yetu wiki hiyohiyo.

Siku ya ukaguzi walikaa wote: Mwenyekiti, mtu mnene wa utani mwingi, Mwalimu, mstaafu aliyewahi kufundisha hesabu na hajaacha kuwasahihisha watu, na Bi Rudisha. Nikazima taa. Ilikuwa filamu nzuri, nisidanganye. Binti wa malkia anafanya urafiki na joka, majitu ya udongo yanavamia nchi, na vita vinapigwa kuanzia mawinguni mpaka jikoni. Mwongozo wetu unasema filamu ya familia isionyeshe damu. Watengenezaji nao si wajinga; majitu yakichomwa mikuki yalimwaga kitu cha kijani.

"Hiyo si damu," akasema Mwenyekiti. "Hayo ni maji ya mchicha."

"Damu ni damu hata ikiwa ya zambarau," Mwalimu akajibu. "Limechomwa, limelia, limekufa. Unataka nini tena?"

"Ni udongo, Mwalimu! Udongo una damu?"

"Mkuki kwa nguruwe," akasema Mwalimu.

Walibishana hivyo huku majitu yakiendelea kufa nyuma ya migongo yao. Bi Rudisha hakuchangia, nami nikashangaa, maana kwa damu za rangi alikuwa bingwa. Kisha ikaja sehemu ya lango. Majitu yamekaribia, malkia anampandisha bintiye mgongoni mwa joka, anabaki kulifunga lango kwa uchawi wake, na uchawi una gharama. Anaanza kugeuka jiwe. Nyayo, magoti, kiuno. Anaendelea kumwambia mwanawe aende, aende tu, mpaka midomo nayo inakuwa jiwe. Hakuna panga, hakuna damu ya rangi yoyote. Mtoto anapiga lile jiwe kwa viganja, anaita. Mara moja tunahamia mawinguni, joka linapiga chafya, watu wanacheka.

Mkono wake ukanyanyuka gizani. "Rudisha."

Nikarudisha. Alitazama tena, akaniambia nirudishe, akatazama tena. Safari hii sikununa. Nilikuwa pamoja naye tulipomzika binti yake, na nilijua ugonjwa ulivyompanda. Nilijua pia kwamba Kasuku alikuwa chumbani siku ile ya mwisho, ameshika kidole cha mguu cha mama yake kwa sababu ndicho alichokifikia.

Nilipowasha taa, Mwenyekiti alikitazama kiti chekundu na kusema, "Nimemkalisha wa miaka sita. Amefurahi. Daraja la Watu Wote." Mwalimu akasema, "Wangu ana miaka kumi, na hivyo vita vimemchosha. Miaka Kumi na Mbili kwenda juu." Wakamgeukia Bi Rudisha. Kura yake ndiyo ingeamua.

"Najitoa," akasema.

Mkaguzi mwenye jambo lake ndani ya filamu anaruhusiwa kujitoa, lakini yeye hakuwahi kufanya hivyo. Mwenyekiti aliacha utani. "Kwa nini, mama?"

"Nimekitazama kile kiti, simwoni mtoto. Namwona mjukuu wangu. Tukitoa Kumi na Mbili, nimemnyima kitu pekee alichoomba tangu mama yake aondoke. Tukitoa Watu Wote, shule itampandisha basi na wenzake kwenda sinema, akutane na lile lango bila mtu wa kumshika. Na mimi mwenyewe sijui tena. Sijui asiyeweza kuitazama sehemu ile ni yeye au ni mimi."

Kisha Mwenyekiti akasema taratibu, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ukijitoa wewe tunabaki sisi wawili, mabingwa wa mchicha. Hebu kaa."

Akakaa. Walizungumza mpaka chai ya pili, na mwisho wake filamu ikapewa daraja la katikati, lenye maneno tuliyoyapiga mhuri miaka nenda miaka rudi: *Mtoto wa chini ya miaka kumi aingie akiwa na mzazi.* Chini yake Bi Rudisha akataka uongezwe mstari wa ushauri: *Kuna mapigano. Mama anafariki mbele ya mtoto wake.* Mwalimu alipendekeza "anaondoka", iwe laini zaidi. Bi Rudisha akakataa katakata. Mtoto akiambiwa mama ameondoka, alisema, atakaa dirishani kumsubiri.

Msambazaji wa filamu alikuja juu. Alikuwa kijana wa suti inayobana, mwenye simu kila mkono. "Mama, umenimalizia hadithi yote kwenye bango! Nani atalipa kuingia?"

"Mwenye kidonda hashtukizwi, baba," akamjibu. "Anaambiwa kwanza kwamba nakuja kukigusa. Ndipo anakuletea mguu mwenyewe."

Kijana akatafuta jibu kwenye simu zote mbili, akalikosa. Bango likachapwa hivyohivyo.

Siku ya kwanza ya maonyesho ya mchana Bi Rudisha aliniomba niende nao. "Nimeitazama sehemu ile mpaka naijua kwa moyo," alisema, "lakini sijaitazama nikiwa naye." Nikavaa shati la maana. Kasuku alikuwa amesukwa nywele upya, na alitembea katikati yetu akiwa ameshika mkono wa bibi yake. Alikuwa anatembea haraka kuliko sisi. Njiani bibi yake alimweleza mambo ya lango, polepole, bila kuficha. Mtoto akaitikia kwa kichwa. Nikajisemea, huyu mama ni fundi. Kila kitu amekiweka sawa.

Mganga hajigangi. Tulifika mlangoni, kuna umati, watoto wanarukaruka, wazazi wanapapasa mifuko. Kasuku akainua macho kwenye bango, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akasoma kwa sauti, herufi kwa herufi kama zamani. Mimi na bibi yake tukatazamana kwa furaha. "Mtoto wa chini ya miaka kumi," akasoma, "aingie akiwa na mzazi."

Akauachia mkono wa bibi yake, akaenda kukaa kwenye ngazi pembeni, magoti yameshikana.

"Kasuku, twende, mama," bibi yake akamwita, "tutakosa viti."

"Haturuhusiwi."

"Nani kasema?"

"Imeandikwa. Na mzazi." Hakulia. Alieleza tu, kama anayemsaidia mtu asiyejua kusoma. "Wazazi ni baba na mama. Tumefundishwa. Wewe ni bibi."

Bi Rudisha alishika miwani yake ya kamba kana kwamba imekuwa nzito ghafla.

"Nani ameyaandika?" Kasuku akauliza. Lilikuwa swali lake la kwanza baada ya miezi mingi.

Angeweza kusema serikali. Angeweza kusema wenye sinema. Mimi, ningekuwa yeye, ningesema hata joka.

"Mimi," akasema.

Mtoto akamtazama. "Ulinisahau?"

Nilitamani kupiga kelele pale nje, nimwambie Kasuku kwamba mwanamke huyu katika chumba kile hakumwona mtoto mwingine yeyote ila wewe. Kwamba alitaka hata kujitoa kwa ajili yako. Lakini Bi Rudisha hakujitetea. Alikaa kwenye ngazi, chini, na nguo yake nzuri.

"Nilikusahau, mjukuu wangu. Neno hilo nimelipigia mhuri miaka yote, na hakuna siku niliyofikiria nani linamwacha nje. Nisamehe."

Kasuku alilifikiria. "Sasa tutafanyaje?"

Bi Rudisha alisimama, akatoa kalamu nene kwenye mkoba, akaliendea bango. Akakata neno "mzazi" kwa mstari mmoja na juu yake akaandika, kwa mwandiko wa ubao wa chekechea, "mtu wake". Mlinzi wa mlangoni akamjia mbio.

"Mama! Mama! Hairuhusiwi kuchora hapo! Hayo maneno ni ya Bodi!"

"Namfahamu aliyeyaandika," akasema akifunga kalamu. "Alikosea."

Mlinzi alitazama kalamu, akamtazama mtoto kwenye ngazi, akaona afadhali aende kupanga foleni. Kasuku akaja, akasoma upya yote tangu mwanzo kuhakikisha. Kisha akaushika tena mkono wa bibi yake.

Nasikia sasa ofisini wanajadili kuyabadilisha maneno yale rasmi. Mwalimu anasema "mtu wake" si lugha ya kiofisi, Mwenyekiti anamwambia akamweleze hivyo Kasuku.

Tuliingia. Majitu yalipokufa Kasuku alicheka ule mchicha, akaniuliza kama ni rangi ya kuchorea, na kwa nini joka halichoki, na nani anayelilisha. Nilijibu yote kwa raha. Kisha muziki ukashuka, nami nikalijua lango kabla halijaonekana, na nikamgeukia mtoto niwe tayari.

Hakuwa anatazama filamu. Alikuwa amegeuka kwenye kiti, anamtazama bibi yake. Akapanda kwa magoti, akamvua miwani taratibu, akamfunika macho kwa viganja vyake vyote viwili.

"Hapa usiangalie, Bibi," alimnong'oneza. "Nitakwambia pakiisha."

Na Bi Rudisha, aliyenifanya nilirudishe lile lango mpaka kidole kikaniuma, alikaa kimya gizani kusubiri aambiwe.