Mamluki Aliyekula Jogoo Wetu

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu Wamarekani wanaokimbia na mpira mikononi. "Bibi, huyu ndiye nyota, analipwa!" Nikamrudishia simu yake.

Nilipokuwa msichana mdogo, siku ya kucheza mpira na timu ya Nanyamba, sisi wa kijiji cha Mahurunga tulileta mamluki, mchezaji wa kukodi. Kaka yangu alivuliwa jezi akapewa yeye, na mama akamchinjia jogoo. Mgeni huyo alinuka dawa ya kuchua. Alifunga mabao peke yake, wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilidhani aliyekula kwetu ameshakuwa ndugu.

Mechi ilipoisha nikampelekea maji. Nikamkuta anavaa jezi ya Nanyamba.

"Kaka, umekosea jezi!"

"Sijakosea, mdogo wangu. Wiki ijayo nawafunga nyie."

Akanywa maji yote, akaitupa jezi yetu mavumbini. Kaka aliiokota, akainusa, akaiacha palepale.