Nilihesabu Ng'ombe wa Baba Mkwe kwa Simu

Nimekosa, ndugu zangu. Nasema mapema ili msipoteze muda kunitafutia utetezi. Jina nalificha kwa sababu hapa Nyegina tunajuana wote, na nimeshachekwa vya kutosha.

Nilihudhuria mafunzo ya siku tano pale Musoma mjini, ya kupima usalama wa programu za simu. Kwa vitendo! Unaunganisha simu na kompyuta, unaona simu inazungumza nini na mtandao, unabadilisha namba moja, na taarifa za mtu mwingine hizo hapo mbele yako. Tulikuwa tunafanyia kwenye programu ya mazoezi, iliyotengenezwa mbovu makusudi. Kila asubuhi mwalimu alirudia: usiguse mfumo wa mtu bila ruhusa yake ya maandishi. Niliandika kwenye daftari, nikapigia mstari mara mbili. Daftari lenyewe sikulifungua tena.

Cheti nilikiwekea plastiki siku hiyohiyo. WhatsApp nikajiandika Mtaalamu wa Usalama. Mama akaanza kuniita injinia mbele ya wageni, na mimi naitika!

Wakati huo nilikuwa nimechumbia binti wa Manyamanyama, kule Bunda. Nitamwita Nyabise. Baba yake ni mfugaji, na wafugaji wa huko huandikisha mifugo yao kwenye programu fulani ya simu kwa ajili ya chanjo. Mmeshajua nilichofanya. Nilibadilisha namba moja tu, zizi lote la mzee likafunguka. Nikarukaruka chumbani peke yangu kama mwehu.

Siku ya kupanga mahari ikafika. Kazi ya bwana harusi siku hiyo ni kukaa kimya, msemaji ni baba mdogo. Wakwe wakataja ng'ombe wanaowataka, baba mdogo akalia umaskini wa sisi watu wa ziwani. Mzee naye akajibu kwa adabu, "Hata sisi hatunaga kitu. Ni vijing'ombe viwili vitatu tu, vya maziwa ya watoto."

Kila mtu pale alijua hiyo ni heshima tu. Kwetu hakuna anayehesabu ng'ombe wa mtu mbele za watu, ni kumtakia mkosi. Hata mtoto mdogo anajua! Mtaalamu wa Usalama ndiye alikuwa amesahau.

"Samahani mzee," nikasema, simu mkononi, "mbona mfumo unaonyesha madume kumi na tisa, mitamba thelathini na..."

Baba mdogo alinikanyaga mguu. Niliendelea mpaka kwenye ndama.

Mzee akaniangalia. "Nani amekuruhusu kuingia zizini kwangu?"

"Sijaingia zizini, mzee. Nimeingia kwenye mfumo. Tena nimekusaidia, mfumo wenyewe una udhaifu mkubwa."

"Wezi wamekujaga kwangu miaka yote," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyekaa sebuleni akanihesabia ng'ombe huku anakula nyama yangu."

Kikao kikavunjika. Wiki iliyofuata ndama mmoja akafa kwa kuvimba tumbo, na sihitaji kuwaambia aliyelaumiwa ni nani. Mzee, asiye na cheti chochote, akaenda mwenyewe ofisi ya mifugo kutoa taarifa, na ule udhaifu ukarekebishwa. Mimi mwenye cheti cha plastiki sikuwa nimefikiria hata kidogo kutoa taarifa, na hiyo ndiyo kazi tuliyofundishwa! Aibu gani hii!

Nyabise alinitetea. Alimlilia baba yake, akasema ni ujinga tu, nitajifunza. Mzee akaanza kulainika. Tukakutana stendi ya Bunda, nikidhani ananiletea habari njema. Akaniuliza kwa upole kabisa:

"Na simu yangu je? Umeipimaga?"

Niliipima, jioni ya siku ya tatu ya mafunzo, alipokuja kunisalimia Musoma akaiacha ikichaji. Nilikuta meseji za dada zake na picha za vitambaa vya gauni la harusi. Hakuna kingine. Nikatazama viatu vyangu.

"Basi sawa," akasema. Akaondoka, na mpaka leo hapokei simu zangu.

Nyie mnaokwenda mafunzo, nawasihi! Mwombeni mtu ruhusa kabla ya kumpekua, hata kama mnaona mna haki naye. Nawaambia kwa uchungu, kwa sababu ile simu, kama ningemwomba, Nyabise angenipa mwenyewe.