Mahari Ndani ya Asanseri

Najua mtasema huyu kijana wa mtaa wa Kampemba ameanza tena. Shuleni wananiita Radio Uongo, sikatai, na prefe, mkuu wa shule yetu, ana haki zote za kunichukia. Lakini kisa hiki sikukitunga. Kingekuwa cha kutunga, shujaa ningekuwa mimi.

Mnalijua lile jengo jipya la vioo, wanalosema ni refu kuliko yote Katanga? Chini yake kuna duka kubwa kama mtaa mzima, lenye ngazi zinazotembea zenyewe na hewa baridi ya bure. Jumamosi watu huvaa nguo za kanisani kwenda kulitazama tu. Hununui kitu. Unapiga picha mbele ya viatu usivyoviweza, unanusa manukato, unarudi nyumbani na vumbi lako.

Mama aliniruhusu kwa sharti moja: niende na Mwadi, mdogo wangu wa miaka sita, na nisiuachie mkono wake. Tulipanda na kushuka zile ngazi mpaka mlinzi akachoka nasi.

"Eh, batoto! Hapa haiko manège, haiko fasi ya michezo!"

Tukakimbilia asanseri, yaani lifti, ili tukaone mji kutoka juu. Mlango ukiwa karibu kujifunga, akaingia mzee. Mwembamba kama njiti ya kiberiti, koti la zamani, miguu peku. Mara kengele ya uzito ikaanza kulia. Tulikuwa watatu tu, na asanseri ile hubeba familia nzima na mizigo yao! Mimi niliona kichekesho.

"Nkambo, leo ulikula nini? Bukari ya majiwe?" Bukari ndiyo ugali wetu.

Kwetu mzee yeyote ni nkambo, yaani babu, na babu na mjukuu hutaniana bila mipaka. Babu humwita mjukuu wa kike bibi yake, yaani mke wake, watu hucheka, mambo yanaishia hapo. Kwa hiyo mzee alipomnyooshea Mwadi kidole na kusema, "Huyu njo bibi yangu," sikushtuka. Nilijibu kama mtoto yeyote wa Lubumbashi angejibu.

"Mubebe tu, nkambo! Lakini leta mahari kwanza."

Hakucheka. Hilo lingetosha kunionya, sivyo? Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa msalaba wa shaba, ule wa kizamani ambao mababu waliutumia kulipia mahari, akauweka kiganjani mwangu. Papo hapo kengele ikanyamaza, kana kwamba ndani tumepungua mmoja. Mlango ukajifunga.

Kisha umeme ukakatika.

Umeme kukatika Lubumbashi si habari. Lakini giza lile lilikuwa na harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi, na mkono wa Mwadi ukaanza kuniponyoka. Si kwamba aliniachia. Alikuwa anavutwa, polepole, kwa adabu, kama anavyovutwa bibi harusi mwenye haya. Nikavuta. Upande wa pili ukavuta.

"Yaya!"

Ndivyo anavyoniita, mimi mkubwa wake. Sauti yake ilitoka mbali, chini kabisa, na vidole vyake bado vilikuwa vidoleni mwangu. Niaminini, hapo utani wote ulinitoka mwilini.

"Nkambo, nilikuwa nacheka tu! Kamata kintu yako!"

"Ulipokea," giza likajibu. "Mahari ikipokelewa, maneno inaisha."

Vikabaki vidole viwili. Sijui nilitoa wapi akili.

"Miye niko mutoto!" nikapiga kelele. "Mutoto hapokeaka mahari! Bajomba njo banapokeaka!"

Mvuto ukasimama.

"Iko kweli," akasema taratibu, kama mtu aliyekumbushwa adabu. "Bajomba bako wapi?"

Wewe ungefanyaje? Nilimtaja mjomba Kalenga, pale Naviundu.

Taa zikawaka. Mlango ukafunguka, na tulikuwa pale pale chini, hatujapanda hata ghorofa moja. Mzee hayupo, msalaba haupo. Mwadi alikuwa analia bila sauti, udongo mwekundu umempanda mpaka magotini.

Nyumbani nilisema yote. Mama hakunipiga, na hilo liliniogopesha kuliko giza. Akatukokota mpaka Naviundu. Mjomba Kalenga, mtu mpole kupita kiasi, anayeomba samahani hata akikanyagwa yeye, alikuwa anarudisha ndani kiti cha mgeni.

"Mulichelewa," akasema akitabasamu. "Muzee moja ametoka sasa hivi. Wa heshima sana. Alikuya kuomba Mwadi, nikafikiri amekosea nyumba."

"Ulimujibu nini?" mama akauliza.

"Vile bantu banajibiaka, kusudi asisikie haya. Nilisema mutoto angali mudogo. Akashukuru. Akasema atangoja."

Mama alikaa chini, pale pale kwenye vumbi.

Tangu siku ile hatujafanya tena sikukuu ya kuzaliwa kwa Mwadi. Gauni likimbana, mama hulipanua mlango ukiwa umefungwa, na hakuna anayesema kwamba amerefuka. Wiki iliyopita jino lake la kwanza lilidondoka. Alikuja nalo kiganjani akicheka, akitaka tumpongeze.

Basi nendeni mkaone vioo, pigeni picha. Lakini mtu usiyemjua akikuomba mdogo wako, hata kwa utani, mwambie hapana. Hapana yenyewe, kavu, ya kukosa adabu.