Kitabu cha maktaba kiligoma kufunguka, nikamtwika Mama Odette kosa langu

Wakuu, salamu kutoka Likasi. Hii imenitokea mwenyewe na sitajipaka mafuta. Watakaonitukana wana haki, ila someni mpaka mwisho kwanza.

Kampuni moja ya shaba pale Shituru ilitangaza concours, yaani mtihani wa kuajiri watu wa labo ya kupima madini. Nafasi tatu tu. Siku ya kupeleka dossier za maombi, foleni ilizunguka ukuta mzima.

Tulikuwa watatu tunaojiandaa pamoja, wote wa kanisa moja Kikula: mimi, rafiki yangu Héritier, na Mama Odette.

Mama Odette ana diploma ya kemia ya zamani, lakini miaka yote anauza samaki wakavu sokoni. Tangazo lilisema mwisho miaka arobaini na tano, na yeye alikuwa anaifikisha mwaka huu. Kwake hakukuwa na mara nyingine.

Kitabu kilichotakiwa, manuel nene ya kupima madini, hapa mjini hukipati. Dada yangu yuko Ubelgiji, akakiazima kama ebook kwa kadi yake ya maktaba ya kule. Wiki tatu. Kuongeza muda hakuruhusiwi, maana wengine wanakisubiri.

Simu zetu hazifai, majedwali yanakuwa kama chungu wanaotembea. Kwa bahati nilikuwa na liseuse, ile mashine ya kusomea vitabu.

Kumbe kitabu cha maktaba hakiingii humo hivi hivi kama wimbo. Kina kufuli. Lazima upitie kompyuta, uweke account ya aliyekiazima, mashine isajiliwe kwa jina hilo hilo, ndipo uchomeke kebo. Nilihangaika cyber siku mbili mpaka kikafunguka. Nikajiona injinia.

Tukapanga zamu kama likelemba, ule mchezo wa kupokezana pesa. Héritier siku nne, mimi siku nne, Mama Odette siku nne, halafu tunarudia.

Zamu zetu mbili zilienda vizuri. Ya Mama Odette ilipoisha, Héritier akawasha mashine, kitabu kikakataa. Kiliandika kwamba kimefungwa kwa account nyingine.

Zilibaki siku saba.

Wakuu, nilipandwa na hasira. Nilimkuta Mama Odette kwenye uwanja wa kanisa, kwaya nzima ipo inafanya mazoezi. Sikumvuta hata pembeni.

"Mama, ulifinya wapi humu? Hii haiko mizani ya samaki!"

Watu wakacheka. Yeye akainamisha kichwa.

"Ilikatala tangu siku ya kwanza, Fabrice. Nikaogopa kusema. Pengine ni minye niliiharibisha, unirehemu."

Sikusikia kitu. Nilisikia tu "ni minye", yaani ni mimi. Jioni ile tukamtoa kwenye kundi.

Siku tatu nikapambana na ile mashine bila mafanikio. Mwishowe dada akaniambia kwa WhatsApp nimpigie picha ukurasa wa réglages, yaani mipangilio, sehemu inayoonyesha imesajiliwa kwa nani. Nikapiga. Nikasoma jina kabla yeye hajajibu.

Lilikuwa jina la mwenye cyber.

Nikakumbuka kila kitu. Siku ya mwisho ya zamu yangu nilipita cyber kuweka nyimbo za kwaya. Kompyuta ikauliza swali refu la Kifaransa. Mwenye cyber, macho kwenye simu yake, akasema, "Finya tu Oui." Nikafinya hiyo ndiyo yake. Mashine ikahamia jina lake, kitabu cha dada kikafungiwa nje. Na mimi, bila kukifungua tena, nikampelekea Mama Odette.

Yaani alikaa na kitabu siku nne na hakusoma hata ukurasa mmoja. Alikuwa ameniambia: tangu siku ya kwanza.

Sitawadanganya. Wazo la kwanza lilikuwa nitengeneze kimya kimya, niseme mashine imepona yenyewe. Nani angejua?

Dada akanitumia password, nikakimbilia cyber kusajili upya. Courant ya umeme ikacheza mara mbili, kompyuta ikazima, tukaanza tena. Kitabu kikafunguka. Siku zilizobaki: nne. Concours ni siku ya tano.

Nikasimama barabarani na ile mashine mkononi. Kwenda nyumbani ni kushoto, sokoni ni kulia.

Nikaenda sokoni. Nilimkuta anageuza samaki kwenye meza. Nikamweleza yote, nikaomba msamaha. Akaendelea kugeuza mpaka nikamaliza.

"Ulinisema mbele ya bantu ya kanisa. Sasa unaniomba pardon mbele ya samaki?"

Jioni ile ile nilisimama mbele ya kwaya nikarudia maneno yote, na ile Oui yangu. Safari hii hakuna aliyecheka. Héritier akasema siku zote nne ziende kwa mama, sisi tulishasoma. Mama Odette akafunga meza yake ya sokoni, akajifungia ndani na liseuse.

Asubuhi ya concours muda wa maktaba ukaisha, kitabu kikajifunga.

Matokeo yalibandikwa getini. Majina matatu. Langu halipo, la Héritier halipo. La pili ni la Mama Odette.

Niliumia, lakini nilifurahi pia, na sijui kipi kilizidi. Mama Odette akanishika mkono.

"Fabrice, mutoto yangu, ile kiulizo ya ine, ile ya points mingi, nilisoma jibu yake siku ya mwisho."

Swali la nne, lile la alama nyingi, siku ya mwisho, wakuu. Ningepinda kushoto siku ile, nikaiuguza haya yangu mpaka kesho yake, asingeufikia ukurasa ule.

Nilichojifunza: mashine ikikuuliza kitu, soma kabla ya kufinya Oui. Na ukimuuliza mtu, msikilize mpaka neno la mwisho.

Wenye liseuse na vitabu vya maktaba, nyinyi yamewakuta yapi? Mwageni hapa chini. Na matusi yangu nayasubiri, msinionee huruma.