Ngiti au Mbiti

Fisi yule alipita katikati ya mbuzi bila kuwatazama. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda, na mbele yake palikuwa na mbuzi wanono wanaosubiri maji. Aliwapita kama mtu anayepita sokoni bila haja ya kununua, akaja moja kwa moja tulipokuwa sisi wawili, mimi na mama mwenye boma.

Nilikuwa Tseikuru, kaskazini mwa Kitui, nikichunga mbuzi wa mume na mke walionipa kazi bila kuniamini. Kwetu ni Nunguni, huko juu Makueni, ambako mnyama wa kuogopwa ni ng'ombe wa jirani akiingia kwenye mahindi. Shule niliiacha nikiwa darasa la saba, na tangu hapo nimekuwa nikienda tu, nione kulivyo. Tseikuru nilifika na mnunuzi wa mbuzi kutoka Malili. Yeye alirudi na lori lake, mimi nikabaki.

Ugonjwa wangu ni maswali. Niliuliza fisi hupita wapi, hutoka saa ngapi, huanza kuuma wapi. Mwenye boma hakupenda.

"Njia ya fisi unaitakia nini? Mna miadi?"

Mkewe ndiye aliyenijibu. Jioni moja nilimweleza video niliyoonyeshwa na dereva mmoja pale Malili, kuhusu dubu, yule mnyama mkubwa wa nchi za baridi. Watu wa huko huambiwa kwamba dubu wa aina fulani akikuvamia, ulale kifudifudi ujifanye umekufa. Mama yule alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Fisi anakula maiti, na wewe unajifanya maiti? Si umempakulia?" Kisha akaacha kucheka. "Hapa usilale. Usikimbie pia. Mwangalie, simama mrefu, piga kelele, weka kitu katikati yenu. Ukianguka, linda shingo na uamke."

Asubuhi ile kisimani alifanya yote hayo. Tulikuwa tumechimba mchanga wa mto mkavu, yeye akichota, mimi nikimimina kwenye birika la mbuzi. Miguu yangu ilitaka kukimbia, akanikemea, "Wee! Simama!" Aliinua mtungi wa plastiki mbele ya kifua akapiga ukelele. Fisi aliung'ata mtungi, akauachia, akamshika mkono chini ya kiwiko. Nilimpiga kwa fimbo mgongoni na hakugeuka hata kunitazama. Mbwa wetu alipofika akibweka ndipo alipomwachia, akaondoka akiyumba, mate yakimning'inia mdomoni, akaugonga mti kama ambaye hakuuona.

Nilimwosha mkono kwa maji ya kisima na kipande cha sabuni alichokuja nacho kufulia. Niliosha muda mrefu mpaka akachoka. Kule Nunguni niliwahi kumsikiliza daktari wa mifugo siku ya kuchanja mbwa. Alisema mnyama wa porini anayekuja mchana bila woga huenda ana kichaa cha mbwa, kwamba kidonda kioshwe sana kwa sabuni, na aliyeumwa apate sindano kabla ugonjwa haujajionyesha, kwa sababu ukishajionyesha hakuna dawa.

Nilimwambia mume hayo yote. Alikuwa akimfunga mbwa kwa mnyororo, maana naye alikuwa amemkaribia fisi.

"Twende zahanati," alisema. "Lakini wewe nyamaza huko."

Nilielewa kwa nini. Pale watu wanasema fisi wa mchana ana mwenyewe, ametumwa. Mkewe angerudi kanisani kila mtu akijiuliza amemkosea nani. Na kama fisi ametumwa, aliyemtuma angetafutwa, na boma lile lilikuwa na mgeni mmoja tu, tena aliyekuwa akiuliza njia za fisi.

Kule zahanati, muuguzi aliuliza mama ameumwa na nini. Mume akajibu kwa Kikamba, upesi, "Ngiti." Mbwa.

"Mbwa wa nani?"

"Wetu. Amechanjwa, yuko pale nyumbani, mzima kabisa."

Muuguzi akatulia. Akasafisha kidonda, akachoma sindano ya pepopunda, akasema wamwangalie mbwa. Nilisimama mlangoni nikihesabu nitakachopata nikifungua mdomo. Hakikuwa kizuri.

"Sista," nikasema, "si ngiti. Ni mbiti."

"Fisi?"

Mume alicheka kicheko kikavu. "Huyu ni mtu wa Makueni. Kikamba chao ni kingine, anachanganya maneno."

Muuguzi alinitazama, akamtazama mume. Maneno yale mawili yanatofautiana mwanzoni tu, na kweli mtu anaweza kusikia vibaya. Nami nilitamani nikubali kwamba nimesikia vibaya. Muuguzi akamwinamia mama.

"Mwaitu, mama, wewe ndiye uliyeumwa. Nani alikuuma?"

Mama aliutazama mkono wake.

"Mbiti," akasema. "Saa ya jua. Na mate yalikuwa yanamwagika."

Siku hiyo hiyo alipelekwa hospitali ya Mwingi, kwa sababu dawa haikuwepo pale. Alichomwa sindano za kuzunguka kidonda na ile ya kurudiwarudiwa kwa wiki kadhaa. Mume alienda naye kila mara, akirudi bila kunisemesha. Habari zikatangulia. Kwenye duka watu waliacha kuongea nilipoingia. Mzee mmoja wa kanisa alinisalimia vizuri kabisa, kisha akaniuliza kwetu tunafuga nini. Nilijibu kuku. Akarudia, "Kuku tu?"

Na mimi nilikuwa na macho yangu mabaya. Nilikuwa nimemuuliza muuguzi dalili, akasema mgonjwa hushindwa kumeza maji, yakimkaribia, koo hujifunga. Basi mama akiinua kikombe, nilikuwa natazama koo lake. Akikohoa kidogo, mimi nasimama. Akikataa chai kwa sababu ni moto, nalala na wasiwasi.

Sindano ya mwisho ilipokwisha, mume aliniambia mbuzi sasa watachungwa na ndugu yake. Hakunifukuza. Alisema hivyo tu, akienda kumfungua mbwa, ambaye alikuwa bado mzima. Nilifunga mfuko wangu. Mama akatoka na kikombe cha maji.

"Ni ya safari?" nikauliza, nikinyoosha mkono.

"Ni yangu. Unadhani sikuoni unavyonitazama koo? Hata mume wangu hanitazami hivyo. Haya, tazama."

Akanywa yote, polepole, macho yake usoni pangu, halafu akakipindua kikombe chini ili nione kwamba hakuna kilichobaki.

"Sasa nenda," akasema. "Na huko unakoenda, punguza maswali."

Nilipofika barabarani niligeuka. Alikuwa amejaza kikombe kingine na anakunywa.