Maji ya Moto Chini ya Barafu

Nilikwenda Koboko kwa sababu binti yangu Zamzam, anayesoma chuo huko, alinitumia karatasi nitie sahihi. Ya chuo ilikuwa ya Kiingereza, naye akaniandikia ya Kiswahili: mzazi anakubali mtoto aende ng'ambo mwaka mzima kusomea bahari za barafu. Sahihi yangu siitoi ovyo. Baba yake aliaga hapa Arua na gwanda lake la jeshi, akasema anakwenda siku chache, na mpaka leo kaburi lake silijui. Halafu masomo ya bahari ya barafu yaanzie Koboko, ambako hata ziwa hakuna? Nilinusa uongo.

Saa moja asubuhi nikapanda gari, karatasi nimeifunga kwenye pindo la leso. Njia nzima nilikuwa napanga maswali, na abiria aliyenisalimia nilimjibu kwa mkato.

Saa nne Zamzam alinipokea Koboko, akanipeleka kwa mwalimu wake wa kompyuta, Candia. Ni kijana mpole, anainama anaposalimia. Upole huo nao niliutilia shaka.

"Karibu, mama. Safari iko namna gani?"

"Nzuri. Nionyeshe hiyo bahari."

Akafungua kompyuta. "Tunakata bahari tabaka tabaka, kila moja na joto yake, na chumvi yake. Kompyuta inapiga hesabu: barafu itakaa ama itayeyuka." Juu, karibu na barafu, aliweka rangi ya buluu, kwa baridi. Chini akaweka nyekundu, kwa joto.

Hapo nikamkamata. "Mwalimu, maji ya moto inakaa chini? Mimi napika chai tangu utoto."

Zamzam hakubishana. Alitia maji vuguvugu kwenye glasi, akakoroga chumvi nyingi na karkade kidogo, yale maua ya chai, yawe mekundu. Kisha akamimina maji baridi juu ya kijiko, taratibu. Wekundu ukabaki chini.

"Weka kidole, mama."

Juu baridi, chini vuguvugu. Nilirudia mara mbili.

"Chumvi inafanya iko nzito," akasema. "Hii nilijua kwa chungu yako."

Kweli. Mimi hutengeneza chumvi ya majivu. Maji ya kwanza yanayochujika kwenye majivu ni makali, yanatulia chini ya chungu. Ya baadaye ni dhaifu, yanakaa juu. Ndiyo maana huchota chini. Kumbe mtoto niliyedhani anaosha vyombo tu alikuwa anatazama. Nilifurahi, nikaanza kufungua pindo.

Ndipo nikaona mezani orodha ya vitu vya safari: koti zito, buti za barafu, dawa ya kichefuchefu cha baharini.

"Kompyuta inavaa buti?"

Mwalimu akamtazama Zamzam. Zamzam akaitazama glasi.

"Hesabu bila vipimo iko bure, mama," akasema Zamzam. "Lazima mutu aende na meli, ashushe kipimo ndani ya maji. Miezi mbili."

"Kwenye karatasi ya Kiingereza meli imeandikwa?"

"Imeandikwa. Mimi niliiacha. Niliogopa utakataa, juu ya baba."

Nikafunga pindo tena. "Baridi siogopi, mwanangu. Naogopa mtu anayeaga nusu. Njoo nyumbani uage vizuri."

Saa tisa nikarudi Arua, karatasi haina sahihi, uso nimeugeuzia dirishani abiria wasinione nikilia. Nilikwenda kumshuku mwalimu, nikamsingizia bure. Aliyenificha jambo ni wangu mwenyewe, naye kujificha amejifunza nyumbani kwangu, maana habari za baba yake sikuruhusu zitajwe.

Kwetu anayesafiri huketi mbele ya shangazi zake, akataja aendako, njia yake na siku ya kurudi. Baba yake hakuketi. Alisema ana haraka.

Ijumaa Zamzam alikuja. Akaketi mkekani mbele ya shangazi zake, akataja chuo, akataja bahari, akaishia hapo. Hakuna aliyemsaidia. Akanitazama, akasema, "Na meli. Miezi mbili." Kisha akataja mwezi wa kurudi.

Nikaomba kalamu.