Polepole na Tangi Tupu

Kiwandani walimwita Polepole, na jina hilo hakupewa kwa heshima. Alikuwa fundi wa kufunga pampu za kunyonya hewa. Wenzake wakishamaliza chai, yeye bado anapapasa kiungo cha bomba, anakikaza, anakipapasa tena.

Msaidizi wake alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, mtu mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa mdomo. Dada alipomkabidhi alisema neno moja tu: "Kaka, huyu ndiye niliye naye. Unirudishie mzima." Neno hilo Polepole alienda nalo kazini kila asubuhi.

Siku ya kuwasha pampu ya tangi kuu la sharubati, aliwaondoa watu wote. Ndivyo alivyofanya kazi: pampu ikiwashwa mara ya kwanza, hakuna kusimama karibu na tangi. Shemeji, aliyelipaka rangi jana yake likang'aa, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya tangi akagoma kushuka. Debe tupu kazi yake kutika, alisema, litamfanya nini mtu mzima? Watu wakacheka. Polepole alimshika mkono akamburuta hadi nyuma ya ukuta, shemeji mtu na heshima zake.

Pampu ikanguruma. Mshale wa geji, kile kipimo cha hewa, ukapita alama ambapo valvu ya usalama ilipaswa kufunguka iingize hewa. Valvu hiyo Polepole aliijaribu mwenyewe kabla ya rangi. Akairukia swichi, akazima. Wapi! Tangi la chuma, refu kuliko nyumba, likajikunja kwa kishindo kama karatasi mkononi. Ngazi ikakatika palepale alipokuwa amekaa shemeji.

Lo, salaale! Hakuna moto, hakuna kilicholigonga.

Shemeji alikiri kwa sauti ndogo: aliiziba valvu kwa utepe wa gundi isiingie rangi, akasahau kuubandua. Kisha akauliza, "Nini kimelikunja?"

"Hewa."

"Hewa gani?"

"Hii hii tunayovuta. Hutusukuma pande zote mchana kutwa. Tumeitoa ndani, ya nje ikakosa wa kuizuia."

Shemeji akatazama mikono yake kwa muda mrefu.

Walipofika nyumbani, dada alifungua mlango. Polepole alitaka kumwambia nimemrudisha, lakini akaketi kizingitini akalia. Dada akashtuka, akauliza kulikoni.

"Leo nilijichimbia kaburi kwa mikono yangu," mumewe akasema. "Kaka yako akanitoa."